Fyuzi ni Mlinzi wa Waya

(Haya ni mazungumzo ya fundi umeme kwa wakazi wa kambi. Tumeyaandika hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Ukimaliza kusoma, tafadhali mpe jirani yako karatasi hii, na umsomee asiyejua kusoma.)



Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo kuliko kidole, ambacho kazi yake ni kulinda nyumba wakati wewe na watoto wako mmelala. Kitu hicho ni fyuzi.

Zamani katika kambi nyingi mwanga wa usiku ulikuwa wa koroboi na mshumaa. Siku hizi mambo yamebadilika. Ziko paneli za sola juu ya mapaa, betri za gari chini ya vitanda, na jenereta kwenye vibanda vya video na kwa vinyozi. Wapo wanaochaji simu za majirani kwa malipo, na wapo wanaowauzia wenzao umeme kwa kuvuta waya kutoka nyumba hadi nyumba. Haya ni maendeleo na hatuyapingi. Lakini umeme huu umeingia katika nyumba za miti, turubai na nyasi, zilizokaribiana ukuta kwa ukuta. Moto ukianza kwa mmoja, haumuulizi jirani kama naye alivuta waya.

Ukikumbuka jambo moja tu katika mazungumzo haya, likumbuke hili: fyuzi hailindi taa, hailindi redio, wala haikulindi wewe usipigwe na umeme. Fyuzi inalinda waya. Kwa hiyo fyuzi huchaguliwa kwa kuangalia unene wa waya, si kwa kuangalia idadi ya vitu unavyotaka kuwasha.

KWA NINI WAYA HUPATA JOTO

Fikirini siku ya mgao wa chakula. Mlango ukiwa mpana, watu hupita bila shida. Mlango ukiwa mwembamba na watu ni wengi, hapo pana kusukumana na jasho. Umeme nao ni hivyo. Umeme mwingi ukipita katika waya mwembamba, waya hupata joto.

Wingi wa umeme unaopita hupimwa kwa ampea. Joto haliongezeki sawasawa na ampea, bali huongezeka kwa kasi zaidi. Ukiongeza umeme mara mbili katika waya ule ule, kutoka ampea 5 hadi 10, joto linalozalishwa huwa mara nne. Ukifika ampea 15, ambayo ni mara tatu, joto huwa mara tisa. Ndiyo maana waya uliofanya kazi mwaka mzima bila tatizo unaweza kuyeyuka siku moja tu, baada ya kuongezwa jiko la umeme.

Ganda la plastiki la nyaya nyingi za nyumbani limetengenezwa kuvumilia joto la digrii 70 za Selsiasi. Waya unaopita chini ya bati lililopigwa na jua la mchana huwa umekwisha kupata joto kabla hata hujawasha kitu. Ganda likilainika, nyaya mbili za ndani hugusana, na hapo huanza cheche. Cheche ikikuta turubai au nyasi kavu, mnajua wenyewe kinachofuata.

FYUZI INAFANYA NINI

Ndani ya fyuzi kuna uzi mwembamba wa metali. Uzi huo umepimwa ili uwe sehemu dhaifu kuliko zote katika njia ya umeme. Umeme ukizidi, uzi huo huyeyuka kwanza, ndani ya kichupa au kifuko chake, na umeme hukatika. Waya wako unabaki salama.

Sasa fikiri mtu anapoweka fyuzi kubwa kuliko waya. Sehemu dhaifu haipo tena ndani ya kichupa. Imehamia kwenye waya, pengine nyuma ya kitanda au ndani ya paa. Waya wenyewe umekuwa fyuzi, nao utayeyuka mahali usipopaona.

Ni vema pia kujua kwamba fyuzi ya ampea 10 haikatiki mara tu umeme unapofika ampea 10 au 11. Fyuzi nyingi huvumilia mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo usichague fyuzi inayolingana na kikomo kabisa cha waya. Acha nafasi.

SHERIA YA HATUA TATU

Kwanza, jua mzigo wako. Kila kifaa kimeandikwa wati zake. Chukua wati, gawanya kwa volti, utapata ampea.

Kwa mfano, vifaa vya wati 60 kwenye betri ya volti 12: 60 gawanya kwa 12 ni ampea 5. Wati hizo hizo 60 kwenye umeme wa volti 240: 60 gawanya kwa 240 ni robo ya ampea. Angalieni tofauti hiyo. Kwenye betri, kazi ile ile huhitaji umeme mara ishirini zaidi. Wengi hudhani betri haina hatari kwa kuwa ukiigusa haikupigi. Kwa mwili wako ni kweli kwamba volti 12 ni ndogo. Kwa waya, betri ndiyo inayodai waya mnene zaidi.

Pili, chagua waya unaoweza kubeba zaidi ya mzigo huo.

Tatu, chagua fyuzi iliyo juu kidogo ya mzigo, lakini isiyozidi uwezo wa waya.

Kwa kifupi: mzigo usizidi fyuzi, na fyuzi isizidi waya. Wafundisheni watoto maneno haya.

UNENE WA WAYA NA FYUZI YAKE

Unene wa waya wa shaba huhesabiwa kwa milimita za mraba. Dukani utasikia wakisema "waya wa moja nukta tano" au "waya wa mbili nukta tano". Hicho ndicho kipimo chenyewe. Viwango vifuatavyo tumeviweka chini kwa makusudi, kwa sababu nyaya zetu hupita chini ya bati la moto na mara nyingi hufungwa pamoja:

Waya wa 0.5: fyuzi isizidi ampea 3.
Waya wa 0.75 au wa 1.0: fyuzi isizidi ampea 5.
Waya wa 1.5: fyuzi isizidi ampea 10.
Waya wa 2.5: fyuzi isizidi ampea 15.
Waya wa 4: fyuzi isizidi ampea 20.
Waya wa 6: fyuzi isizidi ampea 30.

Kama njia yako ya umeme ina nyaya za unene tofauti, waya mwembamba kuliko wote ndio unaoamua. Mtu ametoa waya wa 4 kwenye betri, halafu katikati ameunga waya wa 0.75 kwenda chumba cha watoto. Akiweka fyuzi ya ampea 20 mwanzoni, amelinda ule mnene tu. Ule wa 0.75 hauna mlinzi. Afanye moja kati ya mawili: aweke fyuzi ya ampea 5 kwa njia yote, au aweke fyuzi nyingine ya ampea 5 pale pale waya unapobadilika.

KUPIMA WAYA USIO NA MAANDISHI

Nyaya nyingi sokoni hazina maandishi, au maandishi yake si ya kweli. Njia ya kupima ni rahisi. Kwanza hakikisha waya haujaunganishwa na umeme wowote.

Kama ndani kuna uzi mmoja mgumu, menya ganda, kisha uzungushe uzi huo mara kumi kwenye msumari, mizunguko ikigusana. Pima urefu wa mizunguko hiyo kumi kwa rula ya shule. Ikiwa ni milimita 11 hivi, waya ni wa 1.0. Ikiwa ni milimita 14, ni wa 1.5. Ikiwa ni milimita 18, ni wa 2.5.

Kama ndani kuna nyuzi nyingi laini, zihesabu. Nyuzi 24 zenye upana wa milimita 0.2 kila mmoja hufanya waya wa 0.75. Nyuzi 30 zenye upana wa milimita 0.25 hufanya waya wa 1.5. Usidanganyike na unene wa ganda la plastiki. Iko waya minene kwa nje ambayo ndani ina nyuzi chache kama nywele za mtoto.

Kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona ni nyekundu nje lakini nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hubeba umeme kidogo kuliko shaba. Waya wa namna hiyo uhesabu kuwa mwembamba kwa daraja moja: ukiwa wa 2.5, uwekee fyuzi ya waya wa 1.5. Ukiona ni nyeupe nje lakini nyekundu ndani, usihofu, hiyo ni shaba iliyopakwa bati. Ikiwa sumaku inauvuta uzi, huo ni chuma, usiutumie kabisa.

HATARI HAITOKI KWENYE PANELI, INATOKA KWENYE BETRI

Paneli ndogo ya wati 50, hata jua likiwaka sana, hutoa ampea 3 hivi. Lakini betri ya gari, nyaya zake zikigusana, inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya hugeuka mwekundu kama kaa la moto kabla hujafika kuuondoa.

Hivyo basi, fyuzi ya betri iwekwe kwenye waya wa chanya, karibu na betri, ndani ya shubiri moja. Sehemu yote ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina ulinzi, kwa hiyo iwe fupi iwezekanavyo. Fyuzi ikiwekwa mwisho wa waya, karibu na taa, haitasaidia waya ukibanwa na mguu wa kitanda au ukitafunwa na panya katikati ya njia.

Betri inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kwa hiyo usiifungie kwenye sanduku lisilo na hewa, na usiweke fyuzi au swichi ndani ya sanduku hilo.

Wenye inveta wawe waangalifu zaidi. Inveta ya wati 300 ikifanya kazi kamili hunyonya ampea 25 na zaidi kutoka kwenye betri ya volti 12, karibu ampea 30 ukihesabu zinazopotea ndani yake. Hiyo inahitaji waya usiopungua 6, uwe mfupi, na fyuzi ya ampea 30. Wapo wanaouza nyaya nene zilizokuja na inveta, kisha wanaweka waya wa taa mahali pake. Huko ni kuwasha jiko ndani ya ukuta.

Waya mnene una faida nyingine. Ukivuta waya wa 1.5 mita 10 kutoka kwenye betri na kupitisha ampea 5, zaidi ya volti moja kati ya zile 12 hupotea njiani kwa kugeuka joto. Taa itakuwa hafifu na utadhani betri imekufa, kumbe ni waya. Kwa njia ndefu tumia waya wa 4, na fyuzi ibaki ile ile ndogo inayolingana na mzigo.

RANGI ZA FYUZI ZA GARI

Fyuzi bapa za magari, zenye miguu miwili, zinafaa sana kwa betri na sola. Rangi zake ni hizi: zambarau ni ampea 3, hudhurungi hafifu ni 5, kahawia ni 7.5, nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20, na kijani ni 30. Soma pia namba iliyo juu yake. Fyuzi isiyo na namba usiinunue.

PLAGI YA PINI TATU

Wengi wetu tunatoka Kongo, Burundi au Rwanda, ambako plagi nyingi zina pini mbili za duara, na ndani yake hakuna fyuzi. Ulinzi wote uko kwenye sanduku la ukutani. Hapa Uganda, kama vile Kenya na Tanzania, plagi ya pini tatu bapa ina kifyuzi chake ndani. Wengine wameitumia miaka mingi bila kujua kwamba kipo.

Ifungue plagi ikiwa imetolewa kwenye soketi. Utakuta kichupa kidogo. Mara nyingi kimeandikwa 3, 5 au 13. Plagi nyingi huuzwa zikiwa na fyuzi ya 13, hata kama waya utakaofungwa ni mwembamba. Kwa redio, taa au chaja, fyuzi ya ampea 3 inatosha: kwenye volti 240 inabeba hadi wati 720. Waya wa kurefushia ukiwa wa 0.75, weka fyuzi ya 5. Fyuzi ya 13 iwe kwa waya usiopungua 1.5, uliokunjuliwa, ulio wazi na usiopita ndani ya paa wala chini ya mkeka. Waya wa kurefushia uliozungushwa kama kamba ya ng'ombe haupoi. Ukunjue wote unapoutumia kwa mzigo mkubwa.

Kumbukeni pia kwamba birika la umeme la wati 2000 hunyonya zaidi ya ampea 8, na jiko la koili la wati 1000 hunyonya zaidi ya ampea 4. Vifaa vya kutoa joto ndivyo vinavyoua nyaya, si taa.

WENYE JENERETA

Jenereta ndogo ya wati 1000 hutoa ampea 4 hivi tu kwenye volti 240. Ukiweka fyuzi ya 13 kwenye mstari unaotoka hapo, waya unaweza kuungua na fyuzi isikatike kamwe, kwa sababu jenereta haina nguvu ya kuikata haraka. Weka fyuzi ya ampea 5.

Kama unawauzia majirani umeme, usiwafunge wote kwenye waya mmoja wenye fyuzi moja kubwa. Mpe kila jirani mstari wake na fyuzi yake ya ampea 3. Hapo yule anayechomeka pasi kwa siri ataikata fyuzi yake mwenyewe, na wengine wataendelea kupata mwanga. Ugomvi utapungua, na utajua tatizo limetoka nyumba gani. Kazi ya kuunganisha mistari ya volti 240 ifanywe na fundi anayejulikana, jenereta ikiwa imezimwa.

FYUZI IKIKATIKA

Hapa ndipo penye majaribu. Ni saa mbili usiku, kibanda kimejaa, simu ishirini za wateja ziko kwenye chaji, na fyuzi imekatika. Duka limefungwa. Mkononi una kipande cha waya, msumari, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Ukiweka, umeme unarudi, wateja wanafurahi, nawe unapata pesa yako. Ndugu yangu, naelewa kwamba pesa hiyo ndiyo chakula cha watoto. Lakini kuanzia dakika hiyo waya wako hauna mlinzi, nawe unakwenda kulala.

Simu ishirini zikichajiwa pamoja huchukua wati 100 hivi. Kwenye betri ya volti 12 hiyo ni zaidi ya ampea 8, na kupitia inveta ni karibu ampea 10. Kama fyuzi ya ampea 10 hukatika kila mara, waya wa 1.5 umefika mwisho wa uwezo wake. Dawa ni moja kati ya hizi: punguza simu, gawanya mzigo kwa nyaya mbili zenye fyuzi mbili, au badilisha waya wote kuwa wa 2.5 ndipo uweke fyuzi ya 15. Waya kwanza, fyuzi baadaye. Usigeuze mpangilio huo.

Na nunua fyuzi tatu za akiba za kipimo kile kile, uzifunge kwenye kimfuko kando ya betri. Mwenye fyuzi ya akiba hana haja ya msumari.

Kwa fyuzi za kufunga uzi, uzi wa shaba wenye upana wa milimita 0.2 ni wa ampea 5, wa 0.35 ni wa ampea 10, na wa 0.5 ni wa ampea 15. Nunua uzi uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Kusokota nyuzi tatu "ili ikae zaidi" ni sawa na kuondoa fyuzi.

Kabla ya kuweka fyuzi mpya, tafuta sababu. Zima kila kitu, angalia waya wote kwa macho, nusa kama kuna harufu ya plastiki. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo na hakuna kilichowashwa, nyaya zimegusana mahali fulani. Usijaribu mara ya tatu.

MAMBO AMBAYO FYUZI HAIYAONI

Fyuzi haioni kiungo kilicholegea. Nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa kwa nailoni hupata joto pale zinapogusana, hata kama ampea hazijazidi. Viungo vifungwe kwa skrubu, na viguswe kwa nyuma ya mkono kila wiki baada ya kuzima umeme. Kiungo kilichokuwa cha moto kifungwe upya.

Fyuzi haimwoni mtu. Umeme wa ampea 0.03 tu ukipita kifuani unaweza kuhatarisha maisha. Fyuzi ya ampea 3 haitasikia chochote, kwani hiyo ni sehemu moja ya mia ya kipimo chake. Kwa hiyo usiguse waya wa volti 240 kwa kuamini fyuzi.

Moto wa umeme ukitokea, kata umeme kwanza: zima jenereta, au ondoa waya wa betri kama unaweza kuufikia bila kuungua. Kabla ya hapo usimwage maji. Tumia mchanga. Watoe watu kwanza, mali baadaye.

KWA WATAKAOISHI NCHI ZA BARIDI

Wapo ndugu zetu waliokwisha kuhamia nchi za baridi, na wengine huenda mkahamia. Huko nyumba hupashwa joto na mtambo, na ukutani kuna kidhibiti kidogo kinachouamuru uwake au uzime. Sheria ni ile ile. Uingereza mtambo huo na vidhibiti vyake kwa kawaida huunganishwa kupitia fyuzi ya ampea 3, kwa sababu nyaya za kwenda kwenye kidhibiti na pampu ni nyembamba, mara nyingi za 0.75. Marekani na Kanada vidhibiti vingi hutumia volti 24 na waya wa karibu 0.8, na ndani ya mtambo mara nyingi kuna fyuzi bapa ya ampea 3 au 5, sawa na zile za gari.

Nyumba ikiwa baridi usiku wa theluji na fyuzi imekatika, jaribu la kuweka ya 13 ni kubwa kama jaribu la msumari hapa kambini. Matokeo pia ni yale yale: mtambo mkubwa unabaki mzima, na ule waya mwembamba ndani ya ukuta unaungua. Mwite mwenye nyumba au fundi.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali: Je, nikisokota nyaya mbili nyembamba pamoja, hazitakuwa kama waya mmoja mnene?
Jibu: Mmoja ukilegea au kukatika, mwingine utabeba mzigo wote peke yake, na fyuzi haitajua. Hesabu fyuzi kwa waya mmoja tu, au nunua waya mnene.

Swali: Fyuzi ndogo sana ina madhara?
Jibu: Hapana. Fyuzi ndogo kuliko waya ni salama daima. Itakusumbua kwa kukatika, lakini haitakuunguza.

Swali: Nina breka inayojikata yenyewe. Bado nahitaji fyuzi?
Jibu: Breka hufuata sheria ile ile: namba yake isizidi uwezo wa waya. Usiifunge kwa kamba ili isishuke. Na breka nyingi za volti 240 hazikutengenezwa kwa umeme wa betri, kwa hiyo kwenye betri tumia fyuzi.

KAZI YA NYUMBANI

Mkirudi nyumbani leo, kabla jua halijazama, fanyeni mambo matatu. Tafuta fyuzi yako iko wapi na usome namba yake. Fuata waya kutoka hapo hadi mwisho, uone sehemu yake nyembamba kuliko zote. Kisha linganisha na orodha tuliyoitoa. Kama fyuzi ni kubwa kuliko waya, ibadilishe leo, usingoje wiki ijayo. Kama hakuna fyuzi kabisa, ondoa waya kwenye betri kabla ya kulala hadi utakapoipata.

Halafu mwulize jirani wa kulia na wa kushoto kama nao wameangalia. Turubai zetu zinagusana. Tahadhari kabla ya hatari.